Peter Mark Roget, daktari aliyezipanga tabia za watu

Wengi wetu tunalijua jina la Roget kama jina la kitabu, si la mtu. Anayetafuta neno la Kiingereza la kumwita mtu mkaidi, mpole au mwenye makuu hulifungua buku hilo, huchukua neno refu kuliko yote, hulitia katika insha yake na kuendelea. Mwalimu hulizungushia wino mwekundu, na mwanafunzi hushangaa, maana neno amelitoa kitabuni. Maisha ya mwandishi mwenyewe yanaonyesha kwa nini kitabu hicho hakikutungwa kwa matumizi ya namna hiyo.

Alizaliwa London tarehe 18 Januari 1779. Baba yake, Jean Roget, alikuwa mchungaji mzaliwa wa Geneva. Mama yake, Catherine Romilly, alitoka katika ukoo wa Wahuguenot, wale Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia Uingereza. Mtoto akakua kati ya Kifaransa na Kiingereza, hali ambayo wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa. Jean alifariki 1783, Peter akiwa na miaka minne tu. Mjane akawa mtu wa kuhamahama na watoto wake wawili, akimshikilia mwanawe kwa mapenzi yenye kubana. Tangu utotoni Peter aliweka daftari la maneno ya Kilatini, akiyapanga kwa mafungu kufuatana na mambo yanayohusu, si kwa alfabeti. Akiwa na miaka 14 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea utabibu, na mwaka 1798, akiwa na miaka 19, alikuwa tayari daktari.

Katika ujana wake kuna tukio dogo linalomwonyesha vizuri. Karibu na Bristol, Humphry Davy alikuwa akijaribu gesi ile ya kuchekesha, na marafiki zake waliivuta kwa zamu wakishangilia utamu wake. Roget naye alivuta. Hakuona utamu wowote. Kupoteza utawala wa akili yake hakukumpendeza hata kidogo.

Mwaka 1802 tajiri mmoja wa pamba wa Manchester, John Philips, alimkabidhi wanawe wawili awatembeze Ulaya. Vita vikarudi Mei 1803, Napoleon akaamuru Waingereza waliomo katika nchi yake wakamatwe, na Geneva wakati huo ilikuwa mali ya Ufaransa. Mwalimu huyo kijana alijiokoa kwa hati za kuthibitisha kwamba baba yake alikuwa mtoto wa Geneva, akavuka mpaka pamoja na vijana wake. Waliobaki, wengi wao walikaa kifungoni hadi 1814.

Aliporudi alipata kazi katika hospitali ya Manchester, na huko, mwaka 1805, akaandika orodha ambayo baadaye ingekuwa kitabu. Hakuiandika kwa ajili ya msomaji yeyote. Alijiona mzito wa kupata neno linalofaa anapoandika na anapofundisha, akajitengenezea dawa. Orodha hiyo ilikaa mezani mwake karibu miaka hamsini, akiitumia peke yake.

Kazi zake nyingine tuzipitie haraka. Alihamia London, akabuni mwaka 1815 aina mpya ya rula ya kukokotolea, akaeleza mwaka 1824 jinsi jicho linavyodanganywa na gurudumu linalozunguka nyuma ya ubao wenye mianya, akawa katibu wa Royal Society kuanzia 1827 hadi 1848. Mwaka 1834 alitoa kitabu kikubwa juu ya miili ya wanyama na mimea. Angekufa wakati huo, angekumbukwa kama mwanasayansi wa daraja la pili, tena kwa heshima.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mjomba wake, Sir Samuel Romilly, mwanasheria mashuhuri aliyepigania kupunguzwa kwa adhabu ya kifo, ndiye aliyekuwa kwake badala ya baba. Mke wa Romilly alipofariki mwishoni mwa Oktoba 1818, mjomba alivunjika moyo, na Roget alikuwa humo humo nyumbani akimtunza kama daktari. Siku chache baadaye Romilly alijiua. Roget mwenyewe alioa 1824, mkewe Mary akafariki 1833. Mama yake alizeeka akiwa amepotewa na akili.

Wapo waandishi wa maisha yake wanaosema kwamba orodha zilikuwa kimbilio lake: aliyezungukwa na huzuni alijificha katika mafungu ya maneno. Sikatai, lakini naona maelezo hayo ni mepesi mno. Roget alikuwa mtu wa karne ya Linnaeus, mtaalamu aliyefundishwa kupanga mimea na wanyama katika koo na jamii, na alisema wazi kwamba maneno ameyapanga kwa njia hiyo hiyo. Tusimfanye mgonjwa mtu aliyekuwa akifanya kazi ya wakati wake.

Kitabu kilitoka 1852, mwandishi akiwa na miaka 73. Jina lake, Thesaurus, ni neno la Kiyunani lenye maana ya hazina. Maneno karibu 15,000 yamegawanywa katika madaraja sita, na madaraja hayo katika vichwa 1,000. Tabia za watu zimo hasa katika madaraja mawili ya mwisho, lile la utashi na lile la hisia na maadili. Vinyume vimewekwa katika safu mbili zinazotazamana, ili jicho liuone wema na ubaya wake kwa pamoja.

Hapo ndipo akili ya mpangaji inapoonekana. Chukua namba 861, ujasiri. Namba 862 ni woga, kinyume chake. Lakini 863 ni *rashness*, na 864 ni *caution*. Mtu anayeitwa *rash* hakuzidi ujasiri. Amepungukiwa na tahadhari, na mtu mwenye *caution* si lazima awe mwoga. Anayebadilisha *brave* kwa *reckless* kwa sababu maneno hayo yako ukurasa mmoja amehama kichwa, na labda amemtukana aliyetaka kumsifu. Vivyo hivyo kwa mali: *thrifty* anakaa katika kichwa cha uwekevu, *stingy* katika kile cha ubahili, na kati yao Roget ameweka ubadhirifu kama ukuta. Sisi pia tunayo mipaka hiyo. Mwekevu si mchoyo, na msemaji wa Lingala anayemwita jirani *moyimi* anajua kwamba hajampa sifa.

Lakini Roget haelezi lolote kati ya hayo. Kitabu hakina fasili hata moja. Wafaransa walikuwa na padri Girard, aliyechambua visawe vya lugha yao tangu 1718, na Waingereza walikuwa na George Crabb, aliyefanya kazi ya namna hiyo mwaka 1816, aya kwa aya, neno hili likipimwa kwa lile. Roget alikataa njia hiyo kwa makusudi. Aliamini kwamba mwenye lugha akiliona neno lake atalitambua, kama mtu anavyoutambua uso anaoujua katika kundi. Basi kitabu kinamkumbusha anayejua, hakimfundishi asiyejua. Sisi tunaofika kwenye Kiingereza kupitia Kifaransa, na kabla ya Kifaransa lugha mbili au tatu nyingine, tunakihitaji pamoja na kamusi, si mahali pake.

Alifariki West Malvern tarehe 12 Septemba 1869, akiwa na miaka 90, bado akiongeza maneno. Mwanawe John Lewis alizitumia nyongeza hizo katika toleo la 1879, akaikuza sana faharasa. Faharasa hiyo iliwafaa wasomaji mno: tangu hapo wachache huupitia mpango wenyewe ambao mzee aliuthamini kuliko yote.

Mmoja aliyeupitia kwa lengo jingine ni Francis Galton. Mwaka 1884 alitaka kujua Kiingereza kina maneno mangapi ya tabia, akafungua Roget na kukisia kwamba hayapungui 1,000. Galton ndiye aliyekuwa ametunga mwaka uliotangulia neno la Kiingereza la elimu ya kuchagua uzazi wa watu, elimu iliyotumiwa baadaye kuwadhulumu wengi, na orodha yake ya tabia isisomwe bila kulikumbuka hilo. Mwaka 1936 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Henry Odbert, walirudia hesabu kwa kutumia kamusi kubwa ya Webster. Walipata maneno 17,953, wakayatenga katika safu nne. Sifa za kudumu za mtu zilikuwa 4,504. Safu ndefu kuliko zote, maneno 5,226, ilikuwa ya yale yanayosifu au kulaumu tu, na ambayo hutuambia zaidi juu ya msemaji kuliko juu ya anayesemwa.