Afya: Alois Alzheimer, munganga aliyemsikiliza mama aliyesahau jina la bwana yake

Kila tarehe 21 mwezi wa tisa, dunia inakumbuka ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo polepole mpaka mtu asahau hata majina ya watoto wake. Wengi wamesikia jina hilo. Wachache wanajua kwamba ni jina la mtu: Alois Alzheimer, munganga wa Ujerumani aliyefariki mwaka wa 1915.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1864 huko Marktbreit, mji mdogo wa jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Alisomea uganga Berlin, Tübingen na Würzburg, akamaliza mwaka wa 1887. Mwisho wa mwaka wa 1888, akiwa na miaka 24, alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji wa Frankfurt.

Wakati ule, mahali pengi wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakifungwa kamba na kufungiwa vyumbani. Huko Frankfurt, Alzheimer na wenzake walijaribu kuepuka kamba. Waliwaweka wagonjwa ndani ya maji ya vuguvugu ili watulie, na waliongea nao. Jioni, pamoja na rafiki yake Franz Nissl, alichunguza kwa mikroskopi vipande vya ubongo wa wagonjwa waliofariki, akitafuta sababu ya mateso yao.

Mwaka wa 1901 ulimletea huzuni. Bibi yake Cecilie alifariki, akamwachia watoto watatu wadogo. Dada yake Elisabeth alihamia kwake ili awalee. Naye Alzheimer akazidi kujitupa katika kazi.

Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, mama mmoja aitwaye Auguste Deter aliingizwa hospitalini. Alikuwa na miaka 51 tu. Bwana yake, Karl, mfanyakazi wa reli, alikuwa ameishi naye vizuri kwa miaka mingi. Kisha mambo yakabadilika. Auguste alianza kumwonea bwana yake wivu bila sababu. Baadaye akaanza kukosea upishi, kuficha vitu ovyo, kuzungukazunguka ndani ya nyumba na kupiga kelele. Karl alijaribu kumtunza nyumbani mpaka akashindwa.

Kesho yake, Alzheimer aliketi karibu naye. Alimwuliza jina lake, naye akajibu Auguste. Alipomwuliza jina la jamaa, akajibu vilevile Auguste. Alipomwuliza jina la bwana yake, jibu likawa lilelile. Akiwa anakula nyama ya nguruwe, aliulizwa anakula nini. Akataja mboga ambayo haikuwa kwenye sahani. Alipoombwa aandike jina lake, aliandika neno la kwanza, kisha akasahau yanayofuata. Na mara kwa mara alirudilia kusema kwamba amejipoteza mwenyewe. Alzheimer aliandika yote hayo, swali kwa swali, siku kwa siku.

Baadaye aliondoka Frankfurt, akapita Heidelberg, halafu mwaka wa 1903 akafika Munich kufanya kazi na profesa Emil Kraepelin. Lakini hakumsahau mgonjwa wake. Aliendelea kuulizia habari zake. Auguste alifariki tarehe 8 mwezi wa ine 1906. Ubongo wake na karatasi zake vilitumwa Munich.

Kwa mikroskopi, Alzheimer aliona mambo mawili. Ndani ya seli za ubongo kulikuwa nyuzi zilizosokotana kama uzi uliovurugika. Kati ya seli kulikuwa madoa ya kitu kigumu kilichojikusanya. Seli nyingi zilikuwa zimekufa, na ubongo ulikuwa umesinyaa. Hivyo mama huyo hakuwa mkaidi wala mwenye roho mbaya. Ubongo wake ulikuwa mgonjwa, kama vile moyo au figo linavyoweza kuugua.

Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1906, alieleza hayo mbele ya waganga waliokusanyika Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali. Ni Kraepelin aliyeupa ugonjwa huo jina la Alzheimer, katika kitabu chake cha mwaka wa 1910.

Huko Munich alifundisha vijana kutoka inchi nyingi. Alikuwa akiketi na kila mwanafunzi kwenye mikroskopi yake, akiweka sigara yake mezani na kuisahau hapo. Mmoja wao alikuwa Mwafrika, Solomon Carter Fuller, mzaliwa wa Monrovia, inchini Liberia. Ni yeye aliyeandika kwa Kiingereza, mwaka wa 1912, mojawapo ya maelezo marefu ya kwanza juu ya ugonjwa huo.

Mwaka huohuo wa 1912, Alzheimer aliitwa kuwa profesa huko Breslau, mji unaoitwa leo Wrocław, inchini Poland. Aliugua akiwa safarini katika treni, na moyo wake haukupona tena. Alifariki tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 1915, akiwa na miaka 51, umri uleule aliokuwa nao Auguste siku walipokutana. Alizikwa Frankfurt, kando ya bibi yake. Karatasi alizoandika juu ya Auguste zilipatikana tena mwaka wa 1995.

Leo, zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na magonjwa ya kupoteza kumbukumbu, na Alzheimer ndio unaoongoza. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana. Mashariki mwa Kongo, mzee anayepotea njia au anayezunguka usiku anaweza kushtakiwa uchawi, na wengine wameuawa kwa mashtaka ya namna hiyo. Munganga anaweza kutafuta kama kuna sababu nyingine, maana kuna usahaulifu unaotibika. Kama ni Alzheimer, jamaa inasaidia kwa kuongea na mgonjwa kwa maneno mafupi, kutobishana naye, kufuata saa zilezile kila siku, na kupokezana kazi ya kumtunza ili mtu mmoja asilemewe peke yake kama Karl.