Ruben Rausing: Aliyeyatia maziwa kwenye katoni

RUSIZI - Anayevusha maziwa ya katoni kutoka Rusizi kwenda Bukavu hahitaji friji njiani. Urahisi huo unatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Ruben Rausing, raia wa Uswidi aliyezaliwa mwaka 1895.

Akiwa mwanafunzi New York, Rausing aliona maduka ambayo mteja hujichukulia bidhaa mwenyewe, akatambua kuwa kila bidhaa ingehitaji kifungashio chake. Mwaka 1929 alianzisha kiwanda cha vifungashio pamoja na Erik Åkerlund.

Mwaka 1944 mfanyakazi wake, Erik Wallenberg, alibuni pakiti ya pembe: karatasi inaviringishwa kuwa bomba, maziwa yanamiminwa, kisha bomba linabanwa na kukatwa. Hata hivyo hataza iliandikwa kwa jina la Rausing. Wanafunzi wa Kenya waliijua pakiti hiyo kwa maziwa ya Nyayo, kuanzia 1979.

Kampuni ya Tetra Pak ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1961 ilionyesha mashine inayoua vijidudu kwenye karatasi kabla ya kujaza maziwa yaliyokwisha kuchemshwa kwa joto kali. Ndani ya katoni, plastiki huzuia maji na alumini huzuia mwanga na hewa.

Rausing alifariki mwaka 1983. Aliamini kifungashio lazima kiokoe zaidi ya gharama yake. Hesabu hiyo inamhusu kila anayepakia mzigo.