Yuri Gagarin: Shujaa Aliyerudi Darasani

Yuri Gagarin hukumbukwa aghalabu kwa dakika 108 za tarehe 12 Aprili 1961, alipokuwa binadamu wa kwanza kusafiri katika anga za juu. Kifo chake hakitajwi sana, ilhali ndicho kinachotufunulia utu wake.

Alizaliwa mnamo 9 Machi 1934 kijijini Klushino, mkoa wa Smolensk, katika Muungano wa Kisovieti. Babake alikuwa seremala. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Ujerumani yaliwafukuza nyumbani mwao, wakaishi katika kibanda cha udongo. Baada ya vita, Gagarin alisomea kazi ya kusubu vyuma, akajiunga na klabu ya urubani mjini Saratov, na hatimaye akaingia katika jeshi la anga.

Safari ya 1961 ilimletea umaarufu, nao umaarufu ukamfunga mbawa. Mwenzake, Vladimir Komarov, alipofariki katika ajali ya chombo cha Soyuz 1 mnamo Aprili 1967, wakuu walimzuia Gagarin kwenda tena anga za juu, wasije wakampoteza. Hata hivyo, hakuridhika kuwa rubani wa kupigiwa makofi tu. Alirejelea mafunzo ya ndege za kivita.

Asubuhi ya 27 Machi 1968, yeye na mkufunzi wake, Kanali Vladimir Seryogin, walipaa kwa ndege ya mafunzo aina ya MiG-15UTI. Muda mfupi baadaye ndege hiyo iliporomoka kutoka mawinguni, ikaanguka msituni karibu na mji wa Kirzhach, mashariki ya Moscow. Wote wawili walifariki. Gagarin alikuwa na umri wa miaka 34, akaacha mjane na mabinti wawili.

Ripoti ya uchunguzi ilifichwa kwa miongo kadhaa, na penye kimya uvumi ukastawi. Marehemu wakazushiwa hata ulevi. Nyaraka zilizotolewa mwaka wa 2011 zilieleza kuwa yamkini ndege iligeuzwa ghafla ili kukwepa puto la hali ya hewa au wingu. Mwanaanga Alexei Leonov alishikilia kuwa ndege nyingine ya kivita ilipita karibu mno, ikawayumbisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilivunjika siku hiyo.

Lisilo na shaka ni kwamba Gagarin angeweza kuishi kwa sifa za jana. Badala yake, alikubali kuketi tena mahali pa mwanafunzi, na humo ndimo mauti yalimomkuta.