SOKOINE, BARABARA YA DODOMA NA KITI CHA MTOTO

Kuna dogo mmoja kaniuliza Sokoine ni nani, maana yeye anajua kile chuo cha kilimo Morogoro tu. Nikaona bora nimjibu hapa ili wote mfaidi.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, kwenye jamii ya Wamasai wafugaji. Kasoma Monduli, halafu sekondari ya Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961 akaingia TANU, 1962 akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Mwaka 1965, akiwa na miaka 27 tu, akawa mbunge. Miaka miwili baadaye kawa naibu waziri wa mawasiliano, uchukuzi na ujenzi. Yaani mambo ya barabara na magari yalipita mezani kwake.

Mwaka 1972 kapewa Wizara ya Ulinzi. Februari 1977 akawa Waziri Mkuu, na vita vya Kagera vilimkuta hapo. Mwaka 1980 akang'atuka, akaenda masomoni Yugoslavia. Februari 1983 Mwalimu akamrudisha kwenye nafasi ileile.

Hapo ndipo wazee wanapomkumbuka zaidi. Nchi ilikuwa hoi, sukari na sabuni havionekani madukani. Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Watu walitupa mali usiku kwa kuogopa kukamatwa. Wapo walioonewa, tusifichane, lakini mwananchi wa kawaida aliona angalau kuna kiongozi anayewagusa wakubwa. Mwaka huohuo serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar, ndo hizi daladala zetu.

Aprili 12, 1984 alitoka bungeni Dodoma kwa gari kuelekea Dar. Mnaijua njia hiyo: Kibaigwa, Gairo, Dumila. Alipofika Dakawa, Land Cruiser iliyokuwa ikiendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini iligongana na gari lake. Akafariki akiwa na miaka 45. Jioni Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa redioni. Akazikwa Monduli Juu. Chuo cha Morogoro kikapewa jina lake, na pale ajalini pakaitwa Wami Sokoine.

Maneno kuhusu ajali ile hayajaisha mpaka leo, mimi siyaingii. Ninachosema ni hiki: kama mtu mwenye msafara barabara ile ilimchukua, mtoto aliyepakatwa kwenye basi au kwenye gari la baba yake anategemea nini?

Sheria ya Usalama Barabarani ilipotungwa mwaka 1973 haikutaja viti vya watoto. Wenzetu Ulaya walishaanza kuvipima siku nyingi, ila kanuni yao ya zamani ilitaka kiti kijaribiwe kwa kugongwa mbele na nyuma tu. Ubavuni, hakuna! Mwaka 2013 ndipo ilipoanza kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, namba 129, yenye jaribio la ubavuni.

Kwa nini ubavu? Mbele ya gari kuna boneti na injini, vinakunjika na kumeza nguvu ya kishindo. Ubavuni kuna mlango tu, na mtoto yuko sentimita chache kutoka hapo. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili, shingo bado laini. Kwa hiyo wataalamu wanamfunga mdoli wenye vifaa vya kupimia ndani ya kiti, wanamgonganisha na kitu kinachoigiza mlango unaoingia ndani, halafu wanasoma kichwa kimepata kishindo kiasi gani. Kiti kizuri kina mbawa pembeni zinazozuia kichwa kisifikie mlango. Kanuni hiyohiyo inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apite miezi 15, ili mgongo mzima upokee kishindo badala ya shingo.

Sasa piga picha njia panda zetu, fuso linatokea ubavuni. Mikono ya mama haiwezi kumshika mtoto, hata akiwa na nguvu vipi.

Tunamuenzi Sokoine kwa chuo na kwa majina ya mitaa, sawa. Mimi naona kumuenzi kwingine ni kuwafunga watoto wetu vizuri tunapopita pale Dakawa.

Nyie mnasemaje, wadau? Kiti cha mtoto ni anasa au ni lazima?