Avogadro: mwanasheria aliyepima visivyohesabika

Msomaji wa Kaloleni ajua kuwa korja ya madafu na korja ya nazi kavu zina idadi moja, ishirini kwa ishirini, ingawa uzito wake si mmoja. Ajua pia kuwa mchele hauhesabiwi punje kwa punje, bali hupimwa kwa kibaba. Katika elimu ya kemia mambo haya mawili, hesabu na kipimo, yamekutana katika kitu kiitwacho moli. Asili yake yatokana na marehemu Amedeo Avogadro.

Bwana huyu alizaliwa Turin, Italia, tarehe 9 Agosti 1776, katika ukoo wa wanasheria. Naye akasomea sheria za kanisa, akapata udaktari mwaka 1796. Lakini moyo wake haukutulia huko. Akageukia hesabu na fizikia, na mwaka 1809 akawa mwalimu mjini Vercelli.

Mwaka 1811 alitoa rai yake. Gesi mbalimbali zikijaa vyombo vya ukubwa mmoja, kwa joto moja na shinikizo moja, huwa na idadi sawa ya molekuli, yaani chembe zake ndogo. Basi mwenye kuzipima gesi hizo kwa mizani huweza kujua molekuli ya ipi ni nzito zaidi, na kwa kiasi gani, pasi na kuiona hata moja.

Wakubwa wa elimu wengi hawakumsikiliza. Akafariki Turin tarehe 9 Julai 1856, rai yake ikiwa bado imewekwa kando. Mwaka 1860 Mwitalia mwenzake, Stanislao Cannizzaro, aliitetea mbele ya wanakemia waliokusanyika Karlsruhe, Ujerumani, ikaanza kukubaliwa. Na mwaka 1909 Mfaransa Jean Perrin akapendekeza idadi ya chembe katika moli moja iitwe kwa jina la Avogadro.

Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi hiyo imewekwa kuwa 602,214,076,000,000,000,000,000 kamili. Gramu 2 za haidrojeni, gramu 18 za maji na gramu 32 za oksijeni, kila moja ni kama moli moja: uzito mbalimbali, idadi ile ile.

Leo mwanafunzi wa sekondari apimapo gramu 18 za maji, ambazo ni funda dogo tu, aitaja idadi yenye jina la Avogadro. Mwenyewe aliondoka duniani bila kuijua.