Imam Ghazali Aliingia Madrasa Kutafuta Chakula

Kila mwaka wa masomo unapoanza, ndugu zetu wapya hutujia baada ya sala ya Ijumaa na swali lilelile: je, kozi niliyochagua ni sawa? Mmoja amepelekwa kwenye sheria na mjomba anayemlipia karo. Mwingine alichukua fizikia, kemia na biolojia Senior Five kwa kuwa mwalimu alimwambia alama zake ni za udaktari, na sasa roho yake iko kwenye ualimu. Yupo pia anayeona haya kusema kwamba alifuata kozi iliyopata ufadhili, basi. Huyu wa mwisho ndiye ninayemwandikia zaidi, kwa sababu anadhani elimu aliyoiingia kwa ajili ya tumbo haiwezi kuwa na baraka. Mimi humpa habari za Abu Hamid al-Ghazali.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria, yaani 1058 Miladia, katika mji wa Tus huko Khurasan, karibu na Mashhad ya leo nchini Iran. Baba yake alikuwa akisokota sufu na kuiuza dukani kwake. Hakujua kuandika. Lakini alipenda kukaa na mafakihi, na kila alipowasikia alilia na kumwomba Allah amruzuku mtoto fakihi. Akihudhuria mawaidha alilia tena, akaomba mtoto atakayekuwa mtoa mawaidha. Al-Subki, aliyekusanya habari za wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, anasimulia kwamba dua zote mbili zilijibiwa: Abu Hamid akawa fakihi mkubwa wa zama zake, na mdogo wake Ahmad akawa mtoa mawaidha ambaye watu walimsongamania.

Mzee huyo alipohisi mauti yamekaribia, aliwakabidhi wanawe kwa rafiki yake, mtu wa tasawwuf. Alimweleza kwamba amejuta sana kukosa kujifunza kuandika, na kwamba anataka wanawe wakipate kile kilichompita yeye. Akamruhusu atumie chote alichokiacha kwa ajili ya kuwasomesha.

Nikisoma habari hii namwona baba yangu, fundi cherehani aliyeishia Primary Six. Siku aliponiambia nichukue sayansi, alikuwa akizungumza juu yangu na juu ya miaka yake mwenyewe kwa pamoja. Wazazi wetu wengi wako hivyo. Tukiwaita wakali tu, tunakuwa hatujawasikiliza.

Urithi ule mdogo ukaisha. Mlezi, ambaye naye alikuwa fukara, aliwaita vijana akawaambia ukweli: fedha ya baba yenu imekwisha, nami sina kitu cha kuwapa, bora mjiunge na madrasa kama wanafunzi mpate riziki. Msidhani ni madrasa ya watoto ya alifu na bee. Madrasa za Khurasan zilikuwa vyuo vya juu vyenye mabweni, na wanafunzi walilishwa kutokana na mali ya wakfu. Somo kuu lililofundishwa humo lilikuwa fikihi. Kwa hiyo Hujjatul Islam, kama tunavyomwita leo, aliingia fikihi kwa kuwa ndiko kulikokuwa na sahani ya chakula na mahali pa kulala. Wala hakulificha jambo hilo alipokuwa mtu mzima. Alikuwa akisema kwamba wao waliitafuta elimu kwa ajili ya asiyekuwa Allah, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya yeyote isipokuwa Allah.

Kijana huyu alisoma kwanza Tus, kisha akasafiri hadi Jurjan. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akirudi, majambazi waliwavamia njiani wakachukua kila kitu. Aliwafuata akimsihi mkubwa wao amrudishie daftari zake tu, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na elimu yote aliyoihamia Jurjan. Jambazi alicheka. Aliona ajabu mtu adai kuwa na elimu ambayo akinyang'anywa mfuko anabaki hana. Akamrudishia. Ghazali alifika Tus akakaa miaka 3 akihifadhi yote aliyoyaandika. (Sisi ambao elimu yetu yote imo kwenye simu tuisome mara mbili.)

Kutoka hapo alikwenda Nishapur kwa Imamul Haramain al-Juwayni, akasoma fikihi, usuli, ilmul kalaam na mantiki, mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 Hijria. Mwaka 484, yaani 1091, waziri Nizam al-Mulk alimteua kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, chuo chenye heshima kuliko vyote vya dola ile. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake. Falsafa aliisoma bila mwalimu, kwa kuiba saa kati ya darsa zake, na akaielewa katika muda usiofika miaka 2.

Mwaka 488 ulimi wake ukakataa kusema. Alijitahidi kufundisha hata siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi, na neno halikutoka. Chakula hakikupita, na matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni. Yeye mwenyewe ameeleza sababu katika al-Munqidh: aliipima nia yake ya kufundisha, akaona kinachomsukuma ni cheo na sifa. Aliugawa utajiri wake, akabakisha cha kuwatosha wanawe, akaondoka Baghdad kwenda Sham, kisha Baitul Maqdis na Hijazi.

Hapa wengi huchukua funzo lisilo lake. Husema Ghazali aliacha chuo, basi masomo ya dunia hayana maana. Wenye kusema hivyo hawajafungua Kitabu cha Elimu, mlango wa kwanza wa Ihya. Humo ameuweka utabibu na hesabu katika faradhi kifaya, pamoja na kilimo, ufumaji, ushoni na hata kuumika. Mji usipokuwa na hata mtu mmoja wa kazi hizo, wote wana dhambi.

Kisha anaandika maneno makali ya fakihi juu ya mafakihi. Analalamika kwamba miji mingi haina tabibu Mwislamu hata mmoja, na hakuna anayejishughulisha kuusoma utabibu, huku watu wakisongamana kwenye fikihi, hasa mijadala na mabishano, na mji tayari umejaa watoa fatwa. Wakiulizwa wanadai kutekeleza faradhi kifaya. Vipi wakimbilie iliyokwisha kutekelezwa, na kuiacha iliyoachwa na wote? Jibu analitoa mwenyewe: utabibu haukufikishi kwenye usimamizi wa wakfu na wasia, kushika mali za mayatima, ukadhi na kuwazidi wenzako cheo.

Badilisheni majina ya kozi, muone kama si sisi. Wakati wake fikihi ndiyo ilikuwa njia ya ajira, na utabibu ndio uliokimbiwa. Hapa Uganda leo ni kinyume. Kwa hiyo sioni kama Ghazali angewaambia wote waende udaktari, wala wote waende sharia. Angeuliza mtaani kwenu kumekosekana nini. Kule kwetu kijijini hakuna mwalimu wa hesabu anayedumu zaidi ya mwaka, na katika vijana wanaosoma chuo hiki simjui hata mmoja anayetaka kazi hiyo.

Alirudi kufundisha Nishapur mwaka 499, kisha akastaafu Tus, akajenga madrasa kando ya nyumba yake. Hakuwa amekamilika katika kila fani. Walipomkosoa kwa nahau ya Kiarabu alikiri kwamba hakuipa muda wake. Hadithi nazo hakuzishughulikia sana ujanani, kwa hiyo mwisho wa umri alikaa akisoma Bukhari na Muslim kama mwanafunzi. Alikuwa bado katika somo hilo alipofariki, Jumada Thani mwaka 505, Desemba 1111. Aliacha mabinti, na mali ya kuwatosha. Alipewa zaidi ya hapo, akakataa.