GEORGE MÜLLER, BABA WA MAYATIMA

Kabla ya kuwaonyesha wanachama kurasa za hesabu, tumeona ni vema kuwakumbusha maisha ya mtu mmoja aliyepokea fedha nyingi za watu wengine, akazitunza kwa uaminifu, wala hakumwomba mtu hata senti moja. Mtu huyo ni George Müller wa Bristol, Uingereza.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika nchi ya Prussia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Ujanani mwake hakuwa mtu wa kusifiwa. Baba yake alikuwa mtoza kodi, naye mwana alikuwa akiziiba fedha zile za serikali. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alitiwa gerezani kwa kulala katika nyumba za wageni bila kulipa. Lakini mwaka 1825, alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Halle, alialikwa nyumbani kwa Mkristo mmoja, akawaona watu wakipiga magoti na kusali. Tangu usiku ule moyo wake uligeuka. Twalitaja jambo hili ili mtu asidhani kwamba uaminifu katika fedha ni tabia ya kuzaliwa nayo.

Müller alifika Uingereza mwaka 1829, akawa mchungaji wa kanisa dogo huko Teignmouth. Desturi ya siku zile ilikuwa watu kulipia viti kanisani, na malipo hayo ndiyo yaliyokuwa mshahara wa mchungaji. Tajiri alikaa mahali pazuri, maskini akakaa nyuma. Tena siku ya kulipa ilipofika, aliyekuwa hana kitu alilipa kwa uchungu na kwa kuona haya. Müller aliona kwamba sadaka ya namna hiyo haimpendezi Mungu, kwa kuwa Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho watoe kama walivyokusudia mioyoni, si kwa kulazimishwa. Basi mwaka 1830 aliukataa mshahara ule, likawekwa sanduku kanisani, kila mtu atie apendavyo pasipo kuonekana.

Mwaka 1832 alihamia Bristol, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya kwanza ya mayatima. Miongoni mwa waliotoa mwanzoni alikuwako mwanamke mmoja mshoni, dhaifu wa mwili, ambaye kipato chake kilikuwa kama shilingi 3 na nusu kwa juma. Mwanamke huyo alirithi pauni 480. Alilipa madeni aliyoyaacha marehemu baba yake, akampa mama yake pauni 100, kisha akaleta pauni 100 kwa ajili ya mayatima. Müller hakuzipokea upesi. Alikaa naye na kumhoji, asije akatoa kwa pupa na baadaye akajuta. Alipotambua kwamba ameazimu kwa moyo mtulivu, ndipo alipozipokea.

Desemba 1841 jaribu kubwa lilimjia. Huo ulikuwa wakati wa mkutano wa kila mwaka wa kusomwa taarifa na hesabu, nalo sanduku lilikuwa karibu tupu. Kama angetangaza hali ile, bila shaka watu wangalitoa. Müller aliuahirisha mkutano, taarifa isije ikawa njia ya kuomba. Shida ile iliendelea kwa miezi kadhaa, lakini watoto hawakukosa chakula.

Nyumba kubwa ya kwanza ya Ashley Down ilifunguliwa mwaka 1849, na kufikia mwaka 1870 zilikuwa nyumba 5, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Müller alifariki tarehe 10 Machi 1898, mwenye umri wa miaka 92, baada ya kuwatunza mayatima zaidi ya 10,000. Mali aliyoiacha, pamoja na vyombo vya nyumbani, ilikuwa kama pauni 160 tu. Hesabu zilipochunguzwa, ilionekana kwamba katika zawadi alizopewa yeye mwenyewe alikuwa ametoa zaidi ya pauni 81,000, bila kuandika jina lake.

Hatusemi kwamba kila chama kifuate njia yake. Chama chetu kina ada, nasi hatuna budi kuwakumbusha wanachama kuilipa, kwa maana mjane na mgonjwa hawawezi kungoja. Lakini twakiri kwamba pengine tumemtaja mbele za watu mtu aliyekuwa hana, akatoa kwa kuona haya. Fedha ile iliingia kitabuni, lakini moyo wake ulibaki nje. Tusifanye hivyo tena. Kutoa ni moyo, nasi tulio watunza fedha tuna wajibu wetu: kupokea kidogo cha maskini kwa heshima ile ile, na kuonyesha kila senti ilikokwenda. Kwa nia hiyo twawakaribisha msome hesabu zinazofuata.